Ngamia wa Sakariye Langoni mwa Hospitali

Kwa msomaji aliyekuwa safarini wiki jana akakosa mwanzo wa kisa hiki, namwekea maji ya kunawa kwanza, kisha aje ale na wenzake.

Mimi ni Timiro, mjane, muuza maziwa ya ngamia hapa Garissa. Mwanangu Keinan amemchumbia Ayan, binti wa mzee Sakariye wa Griftu, na nikahi ni Ijumaa. Ayan anasomea ustawi wa jamii chuo kikuu. Mwaka huu chuo kimewatoa wanafunzi darasani kikawapeleka nyanjani, wafanye kazi chini ya jicho la msimamizi. Wenyewe wanaiita atachimenti. Yeye akapokewa na shirika moja linalotembelea wazee majumbani.

Sakariye akasema binti yake haingii nyumba za watu peke yake. Akatafuta mwanamke mzima wa kumsindikiza, akanichagua mimi, mama mkwe mtarajiwa.

Madam Warsan, msimamizi wa shirika, akaniapisha kwa Mwenyezi Mungu kwamba neno nitakalolisikia nyumbani kwa mteja litabaki humo. Wazee hao, wao huwaita wateja, ingawa hakuna anayenunua kitu.

"Na wewe, Mama Keinan," akaniambia, "kazi yako ni kukaa mlangoni. Usiseme kitu. Jifanye mtungi."

"Mtungi watu huuendea kunywa maji, Madam."

"Basi jifanye mtungi mtupu."

Na kwa kweli kunyamaza kulinifaa. Sauti yangu ni ya mkwaruzo tangu utoto, kama mlango wa bati unaoburutwa mchangani. Marehemu mume wangu Yahye, Mungu amrehemu, alikuwa akisema nikipiga adhana mbuzi watahama mji.

Wiki jana mliniacha mlangoni kwa Bi Ramla, kikongwe asiyeona, aliyekataa chakula bila kusema sababu. Ayan alikuwa ametoa salamu kwa niaba yetu sote wawili, akakaa mkekani, akaanza kuuliza maswali yake ya chuo. Kikongwe akamkatiza kwa swali lake moja.

"Wewe ni wa nani?"

Ayan akanitazama. Najua aliwaza nini, kwa sababu nilikuwepo siku Madam alipomwonya: mteja asiambiwe habari za mwanafunzi. Usitaje baba, usitaje ukoo. Mteja akiwa jamaa yako, kesi inahamishwa. Huko kwenye vitabu vyao hilo ni jambo rahisi. Hapa kwetu watu wawili wakianza kuhesabu mababu, wakifika wa saba wanakumbatiana.

"Mimi ni mwanafunzi tu, ayeyo," akasema. Ayeyo ni bibi.

"Hata mwanafunzi alizaliwa. Mimi siongei na mtu aliyeanguka kutoka mawinguni." Bi Ramla akageuza uso ukutani.

Tukakaa hivyo. Inzi peke yake ndiye aliyekuwa na la kusema. Mwisho Ayan akaona bora avunje sheria kuliko kurudi mikono mitupu.

"Mimi ni Ayan Sakariye Jelle. Kwetu ni Griftu."

Bi Ramla hakugeuka.

"Ayeyo, pengine umenisikia. Mimi ndiye yule mtoto wa ngamia." Akacheka, akijaribu kumchekesha mzee. "Nilipozaliwa mama yangu alilala hoi wodini, hapa hapa mjini, homa imemkausha maziwa. Baba akakataa nipewe maziwa ya kopo. Akaleta ngamia wake mwenye maziwa akamfunga langoni mwa hospitali. Askari akamwambia, mzee, hapa si zizi. Baba akamjibu, na wewe si daktari. Ngamia akala ua lote la maua. Kila asubuhi Baba akawa anakama, anampa mfanyakazi wa wodi aniletee. Ndiyo yaliyonikuza."

Kisa hicho nimekisikia mara nyingi. Sakariye hukisimulia kila harusi, na kila mara ngamia huzidi kuwa mkubwa. Siku ya posa watu walitutania sana: mtoto aliyelelewa na maziwa ya ngamia anaolewa kwa muuza maziwa ya ngamia, kiu haitamshika tena.

Bi Ramla akageuka taratibu.

"Alikuwa mweupe," akasema. "Sikio la kushoto limepasuka."

"Umejuaje, ayeyo?"

"Kwa sababu mfanyakazi wa wodi alikuwa mimi. Na maziwa yale niliyanywa mimi."

Ayan akamkodolea macho.

"Usinitazame hivyo, nayahisi macho yako. Wewe ulikuwa ukiyatapika. Kijiko kikiingia, kinatoka na kingine juu yake. Ningeyamwaga? Maziwa ya ngamia hayamwagwi. Nilinenepa mpaka mume wangu akauliza hospitali wanatupa nini."

"Sasa mimi nililishwa nini?"

"Ulinyonya mtu."

Mkono wangu ulikuwa kwenye tasbihi. Ukasimama.

"Kwenye kitanda cha dirishani palikuwa na mwanamke," Bi Ramla akaendelea. "Mtoto wake wa kike alikuwa ametoka kuzikwa. Kifua kimemjaa mpaka nguo imelowa. Wewe huku unalia njaa, yeye kule analia maziwa. Nikakubeba nikakuweka juu yake. Ukanyonya ukalala. Tangu hapo, ukiamka nakupeleka, mpaka mama yako alipopata nguvu ya kukaa."

"Na Baba hukumwambia?"

"Baba yako? Mwaka ule watu wenu walikuwa na damu na watu wa mwanamke yule, kwa ajili ya kisima. Sakariye alikuwa amemzika nduguye juzi tu. Nimfuate pale langoni na ngamia wake nimwambie, binti yako anashiba kwa waliomuua nduguyo? Angekutoa wodini, na ungekufa njiani. Nikamwacha akame."

"Na yule mwanamke? Alijua mimi ni wa nani?"

"Alijua ni mtoto tu. Siku ya kuondoka aliomba akuage." Kikongwe akapangusa midomo yake. "Nikamwambia umekufa. Nilitaka asikutafute, maana angekutafuta. Akaketi sakafuni. Hakupiga kelele. Nimeyaona mengi wodini, lakini mwanamke yule aliyezika watoto wawili na mmoja hakuwa amekufa, huyo ndiye anayekaa hapa kooni. Chakula hakipiti."

Wasomaji wangu, sakafu ile naijua. Ilikuwa ya saruji nyekundu, na pale nilipokaa palikuwa na ufa.

Nilimwombea mtoto yule dua kila Ramadhani iliyopita tangu siku ile. Nimewazaa watoto, mmoja amebaki, na kwenye dua zangu nilikuwa nikiwataja marehemu wawili wa kike. Kumbe mmoja alikuwa ameketi mbele yangu mkekani, amekunja miguu, na kalamu sikioni.

Mtungi ulipasuka, lakini hakuna aliyesikia.

"Anaitwa nani, ayeyo?" Ayan akauliza. Sauti yake ilikuwa imelowa.

"Jina limenitoka. Wanawake walipita wodini kama maji ya mto. Sauti yake ndiyo sijaisahau. Ulipokuwa ukinyonya alikuwa akikusomea Yasini, kwa sauti inayokwaruza kama kitu kinaburutwa. Nikiisikia hata katikati ya soko la mifugo, nitaijua."

Nikavuta nikabu yangu juu, ingawa aliyekuwa mbele yangu haoni.

*

Njiani Ayan alitembea kama mtu aliyeokota dhahabu. Jua lilikuwa kali, mwavuli ameusahau mkononi umefungwa.

"Eedo, nina mama wa ziwa. Hapa hapa Garissa."

Eedo ni shangazi. Ananiita hivyo tangu uchumba, na amekuwa akinitania kwamba baada ya Ijumaa ataniita hooyo, yaani mama.

"Nitamtafuta. Nikimpata nitamwalika harusini, nimketishe karibu nawe."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na kama ana watoto, eedo, hao ni ndugu zangu kabisa. Unajua mimi sina kaka. Siku zote nimetaka kaka."

Nikajikwaa. Akanishika mkono, akaniuliza kama ni jua. Nikamwambia ni jua.

Sisi sote twaijua sheria, hata tuliokomea shule ya msingi. Mtoto mchanga aliyenyonya kwako akashiba mara tano ni mwanao, na wanao ni ndugu zake, hawaoani. Mimi sikuhesabu mara ngapi, lakini niliondoka wodini yule mtoto anajua kunitafuta kwa pua.

Mtanilaumu. Mtasema, Timiro, fungua mdomo. Kiapo chako ni juu ya siri ya mteja, si juu ya kifua chako mwenyewe. Ni kweli, nami nililijua hilo kabla ya kufika nyumbani. Kiapo kilinipa mahali pa kujificha, basi.

Lakini tazameni mlango upi ulikuwa wazi. Kisima kile kilikula vijana wa pande zote mbili. Ilichukua miaka hadi Yahye wangu na Sakariye wakakaa sinia moja, na walipokaa waliahidiana: mwanao na binti yangu. Yahye amekufa na ahadi hiyo mdomoni. Ndoa hii ndiyo uzi wa mwisho wa jeraha lile. Nikiukata, nimwambie Sakariye nini? Kwamba ngamia wake, anayejivunia mbele ya wazee, alimnenepesha mfanyakazi wa wodi, na binti yake alishiba kwa adui?

Nikampigia Keinan. Alikuwa Elwak, amefuata mbuzi wa karamu.

"Keinan, nina neno."

"Hooyo, nina lori lina mbuzi wanalia kama abiria walioachwa. Sema haraka."

"Kuhusu Ayan."

"Amebadili rangi ya pazia tena? Mwambie achague atakayo. Hooyo, sikiliza, nimempatia kile kitanda cha mbao alichokitaka. Usimwambie, nataka akute chumbani."

Kitanda. Ulimi wangu ukarudi nyuma.

"Rudi salama," nikasema.

Nikamwendea Sheikh Abdiwahab, anayetufundisha wanawake msikitini, nikakaa nyuma ya pazia.

"Sheikh, kuna mtu ameniuliza swali."

"Mtu huyo ana sauti kama yako?"

"Sheikh."

"Haya, endelea."

Nikamweleza. Hakucheka tena.

"Mwambie huyo mtu, kama ana hakika, hao ni ndugu. Na anayejua asinyamaze mpaka nikahi ifungwe. Watu wawili wasiojua wataingia harusini hawana dhambi. Ataingia na dhambi yao yeye."

Nikatoka pale nimeamua. Nitasema. Kilichobaki ni lini.

Maana Jumatano mwalimu wa chuo alikuwa anakuja kutoka Nairobi kumpima Ayan. Anakaa ndani ya nyumba ya mteja, anatazama mwanafunzi anavyozungumza na mzee. Ayan akianguka hapo, atarudia mwaka mzima. Nikajiwekea: nitamwachia mtihani wake upite. Jumatano jioni nitamketisha, nimwambie mimi mwenyewe, kabla ya mtu mwingine yeyote. Ijumaa bado.

Nililiona jambo la busara. Hata nililala.

*

Jumanne Ayan aliketishwa na Madam Warsan ofisini, kama afanyavyo kila wiki, aeleze kila alichosikia nyanjani. Mimi mlangoni.

Akaeleza. Madam akavua miwani.

"Ulimwambia mteja baba yako ni nani?"

"Aligeukia ukutani, Madam."

"Wote hugeukia ukutani. Ndiyo kazi yenyewe." Akapumua. "Na sasa mteja anajua kisa chako kuliko wewe. Ni jamaa yako?"

"Hapana, Madam. Alinibeba tu."

"Kwa haki ningekuondoa kwenye kesi hii. Lakini mwalimu anakuja kesho, na wazee wengine bado hawajakuzoea. Utakwenda. Habari za huyo mama wa ziwa usiziguse mbele ya mwalimu hata kwa kidole. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Madam akageuka kwangu. "Mama Keinan, ulikuwepo. Mzee alilitaja jina la huyo mwanamke?"

Nikatikisa kichwa. Hakulitaja. Huo haukuwa uongo, lakini ulinikaa mdomoni na ladha ya uongo.

*

Jumatano asubuhi nilijaribu.

"Ayan, koo linaniuma. Leo niache."

"Pole, eedo. Lakini kuna mwalimu mwanamume. Nikienda bila wewe, Baba akisikia hata Ijumaa hakuna. Kisha koo la nini? Kazi yako si kukaa tu?"

Maneno ya Madam ya mtungi yakanirudia.

Nikafunga nikabu, nikachukua tasbihi, nikaenda. Nilijiambia: mlangoni, kimya, kisha nyumbani, kisha niseme. Hatari iko wapi?

Hatari ilikuwa imesimama nje ya nyumba ya Bi Ramla, na simu mkononi. Madam Warsan alikuwa pamoja na mwalimu, mwanamume mrefu mwenye kitambaa cha jasho, mpole, anayetazama ardhi kwa adabu akiongea na wanawake.

"Mama Keinan, afadhali umefika. Mkalimani wetu amechukuliwa na wageni Dadaab. Mwalimu hajui Kisomali. Wewe utamfasiria."

Nikaonyesha koo.

"Kidogo kidogo tu. Ayan hawezi, ndiye anayepimwa. Mimi siwezi, nampima pamoja na mwalimu. Amebaki nani? Kiswahili chako ni kizuri, unauza maziwa kwa polisi wa bara kila siku."

"Shukrani, mama," mwalimu akasema. "Bila wewe tutarudi tulivyokuja."

Ayan akanitazama kwa macho ya mtoto anayeomba. Macho yale yalinitazama hivyo wodini, na sikujua.

Nikaingia.

Ayan akatoa salamu kwa wote, Bi Ramla akajibu. Mwalimu akapewa kiti cha plastiki. Nikakaa nyuma yake, mdomo karibu na sikio lake, nikabu imeshuka. Ayan akauliza habari za usingizi, habari za chakula. Alikuwa mzuri, wallahi. Aliuliza kisha akangoja, na hakumkatiza mzee hata mara moja. Mimi nikawa nafasiri kwa mnong'ono.

"Sauti, mama," mwalimu akasema. "Siku hizi masikio yangu yamezeeka."

Nikaongeza kidogo. Ni Kiswahili, nikajiambia. Yeye alinisikia nikisoma Yasini, hakunisikia nikisema usingizi na uji.

Bi Ramla akainua kidole, Ayan akanyamaza.

"Humu kuna watu wanne," kikongwe akasema kwa Kisomali. "Msichana namjua. Yule mkubwa wake namjua kwa marashi. Mwanamume ni mgeni. Wa nne ni nani?"

"Ni eedo yangu, ayeyo. Ndiye anayenisindikiza. Yuko nasi tangu siku ya kwanza."

"Mbona siku ya kwanza hakufungua mdomo, na leo ananong'ona kama mwizi?"

"Koo linamuuma."

"Sogea, mwanangu, nimsikie vizuri." Akanyoosha shingo kuelekea kwangu. Macho yake meupe yalipita juu ya bega la mwalimu yakatua usoni kwangu, kana kwamba yanaona. "Namsalimu yeye peke yake. Assalamu alaykum, wewe uliye nyuma."

Salamu ya watu wengi, mmoja akiitika inatosha. Salamu ya mtu mmoja ni deni la mtu huyo. Mama yangu alinifundisha hilo kabla sijajua kufunga kanga, na nimewafundisha watoto wangu: salamu ya Mungu haiachwi ikaanguka chini.

Nilimtazama Ayan. Nilitaka nimwone hivi mara moja zaidi, akiwa bado mchumba wa mwanangu.

"Wa alaykum salaam wa rahmatullahi wa barakatuh," nikaitika, kwa sauti yangu niliyopewa, inayokwaruza.

Mkono wa Bi Ramla ulikuwa hewani. Ukabaki hewani.

"Ni wewe," akasema. "Mwanamke wa dirishani. Nilikudanganya, dada yangu, unisamehe. Mtoto wako hakufa. Ndiye huyu amekaa mbele yangu."

Kalamu ya Ayan ikaanguka mkekani. Akageuka kidogo kidogo mpaka uso wake ukaelekea wangu, na hakuniita eedo, na hakuniita hooyo. Alikuwa anahesabu, nikamwona akihesabu: mimi, yeye, Keinan.

Madam Warsan akafunika mdomo kwa shela.

Mwalimu peke yake ndiye asiyejua kitu. Akainamisha sikio lake karibu nami, kwa adabu, tayari kuandika.

"Mama," akaniuliza, "amesema nini?"